Mwenyeji

Mdomo wangu haujawahi kunisaidia. Siku hiyo nilikuwa nakunywa chai na Nizar, mkurugenzi wa makumbusho yetu madogo hapa Scarborough, ughaibuni, nikamwambia, "Kiswahili kina ujanja. Mwenyeji ni mzaliwa wa mahali, na mwenyeji huyo huyo ndiye anayepokea wageni."

Nizar, mzaliwa wa Kisumu, akacheka. "Tamu hiyo, Chepkoech." Nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

Tulikuwa tunapanga upya ukumbi wa historia ya mtaa. Miaka yote ulianza na walowezi na majembe yao, kana kwamba kabla yao palikuwa na miti tu. Nikatumwa kwa Mama Marlene, wa watu wa Anishinaabe, waliokuwa na ardhi hii kabla ya walowezi. Mara tatu alikataa kuzungumza nami. Mara ya nne alinipa sentensi mbili: "Hatukumkaribisha mtu. Waliingia, wakatuambia tutoke." Akanishika mkono. "Utaandika hivyo hivyo?"

Niliapa. Nizar naye akaniapia, "Dada, hata koma haiguswi."

Asubuhi ya ufunguzi nikakuta ubao mkubwa mlangoni, kwa Kiingereza na Kiswahili. Sentensi za Mama Marlene hazikuwepo. Paliandikwa: "Kwa Kiswahili, mwenyeji ni mzaliwa wa mahali, na pia ni anayepokea wageni. Wenyeji wa hapa walitupokea sote." Chini yake, jina langu.

"Nizar, umefanya nini?"

"Wafadhili waliona maneno ya yule mama ni makali. Yako yanaunganisha watu."

"Tulikuwa tunapiga soga tu!"

"Lakini si ni maneno yako?" Akanyoosha tai yake, akaenda zake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu niliyemletea mandazi kila Ijumaa! Nilijaribu kuung'oa ule ubao kwa kucha, lakini ulikuwa umekazwa kwa skrubu.

Mama Marlene akafika, amevaa shanga zake za sherehe. Alisoma mara mbili, polepole, kisha akaweka kidole kwenye jina langu.

"Ulisema haya?"

Nilitaka kumtaja Nizar, niwataje wafadhili. "Nilisema ya mwanzo," nikajibu. "Ya mwisho wameongeza."

Akageuka, akafungua mlango atoke, lakini wageni walikuwa wanaingia kwa wingi, ikabidi aushikilie mpaka wapite.

"Asante kwa kutukaribisha," mmoja wao akamwambia.