Shati la Drafti Ndani ya Diski

Katika nyumba ya akina mama wanaowatafuta jamaa zao waliotoweka, pale mjini Guaymas, mtu akibisha hodi unafunga kompyuta kwanza. Kufungua mlango baadaye. Hofu ndiyo iliyowafundisha. Picha za nguo walizofukua vilimani zilikaa kwenye diski ya nje yenye nenosiri refu, ili hata ikiibwa, mwizi aambulie plastiki tu.

Kwa hiyo hodi ilipobishwa, Casilda, mmoja wa akina mama hao, aliifunga kompyuta kwa kiganja, akaenda kufungua. Ni muuza gesi. Akamfukuza.

Aliporudi na kuifunua, kompyuta iliamka na majina ya picha yamejipanga vilevile. Akafungua moja, likaja kosa. Akafungua nyingine, kosa tena. Akampigia simu Yuridia, binti aliyewafundisha Linux, mfumo wa kompyuta ile.

Yuridia aliingia na burito mkononi, mkate mwembamba uliokunjiwa maharage.

"Umechomoa waya?"

"Sijagusa kitu."

"Afadhali. Ulikuwa unanakili picha za leo?"

Casilda aliisogeza kamera kando.

"Doña Casilda, nakuuliza wewe."

"Nilikata, nikabandika. Kwenye kadi ya kamera hakuna kitu."

"Mama yangu we. Nimeimba mpaka sauti imekauka: nakili, hakikisha, ndipo ufute."

"Wewe ungekuwa na mtoto huko vilimani ungesubiri?"

"Mimi nina kaka huko, doña. Usinianze."

Haraka ya Casilda ilikuwa na jina: Gildardo, mwanawe aliyetoweka. Asubuhi, yeye akichimba upande wa pili wa kilima, wenzake walikuwa wamefukua shati la drafti lenye kiraka kwenye kiwiko, wakalipiga picha kwa kamera ya kikundi. Kabla hajashuka, wataalamu wa serikali walilitia kwenye mfuko wenye namba na kuondoka nalo. Kiraka cha shati la Gildardo alikishona yeye mwenyewe kwa uzi wa kijani. Hakuna aliyekumbuka rangi ya uzi. Picha ndiyo ingesema, na namba ya mfuko, iliyowekwa kando ya shati lilipopigwa picha, ndiyo ingemwezesha kudai mfuko ule upimwe. Bila namba, ghala la serikali lingeumeza.

"Tatizo ni nini hasa?" aliuliza.

"Uliifunga, ikalala. Ikilala inaikatia diski umeme. Ikiamka, diski inarudi na jina jipya, kama mgeni, na kufuli ulilofungua linaendelea kumngoja yule wa zamani. Majina unayoyaona hapo ni kumbukumbu ya kompyuta tu. Kilichokuwa njiani hakikufika."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeziua picha."

"Sogea nikae."

Yuridia alifunga madirisha yote ya kompyuta, akaitoa diski kwa amri, akafunga kufuli lake, ndipo akachomoa waya. Akauchomeka upya. Casilda akaandika nenosiri, akakosea, akaandika tena huku akilisema kwa midomo. Ukaguzi wa diski ukaanza. Burito ilipoa kando yao.

Picha za miezi yote zilikuwepo. Za asubuhi ile zilikuwa majina matupu, ndani sifuri.

Casilda aliketi sakafuni. "Nimemfukia mara ya pili," alisema.

"Inuka. Bado kadi. Tangu hapo umepiga picha nyingine kwa kadi hiyo?"

"Hapana."

"Basi hakuna kilichozifunika zilizofutwa; huenda kuna zilizobaki. Usiniombe zaidi ya hapo."

Programu ilianza kuokota picha zilizofutwa, moja moja, bila majina: kiatu, mkanda, udongo, koleo la mtu. Casilda alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo. Kisha likaja shati.

Nusu ya juu ilikuwa safi. Kola, bega, kiwiko. Kiraka kilikuwa na uzi wa kijani, mishono mirefu ya mtu asiye na subira, na pembeni fundo ambalo uzi wake aliukata kwa meno kwa kuwa mkasi haukuonekana siku ile. Nusu ya chini ilikuwa rangi ya kijivu tupu. Kule ndiko namba ilikowekwa.

"Ni lake?" Yuridia aliuliza polepole.

"Ni wa mkono wangu huu mshono."

Yuridia alijaribu tena, na tena. Kijivu kilibaki kijivu.

Casilda alivaa kofia yake ya kuchimbia na kuuchukua mkoba.

"Nichapishie hiyo nusu."

"Unakwenda wapi? Bila namba watu wa serikali hawatakusikiliza, doña."

"Mlangoni kwao. Watafungua mifuko yote, mmoja mmoja, mpaka niuone uzi wangu."