Mchezaji wa Karatasi za Saruji

Asubuhi za masika ukungu hupanda kutoka bondeni na kukifunika kijiji chetu, kisha hukifunua polepole, nyumba moja baada ya nyingine. Tangu tulipohamishiwa hapa kuanzisha kijiji cha ujamaa, nyumba zetu zimekaa safu kwa safu, na mimi nikitoka Misa ya alfajiri husimama kilimani nikazitazama kama ubao wa sataranji. Mtu akitoka mlangoni na jembe begani, moyo wangu huuliza: huyu ataruhusiwa kwenda upande gani?

Mchezo huo nilifundishwa na Bruda mmoja katika karakana ya misheni, Rulenge, ninakofanya kazi ya useremala. Kete nilizichonga mwenyewe, nikamfundisha rafiki yangu Renatus. Kabla Bruda hajarudi kwao alitueleza kwamba Ulaya kuna mashine zinazocheza sataranji.

“Hazifikiri,” alisema. “Zinatii tu amri zilizoandikwa.”

Renatus alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kusoma katika darasa la jioni la watu wazima, na kila neno lililoandikwa niliona kama lina pumzi ndani yake. Ikiwa mashine inaweza kutii maandishi, nikawaza, basi na mtu anaweza. Nitaandika amri, mtu azisome, na huyo mchezaji atakuwa hai bila kuwa na kichwa.

Vita vilipoanza mpakani, Renatus akaenda na wanamgambo wenzake. Akiwa juu ya lori alinipigia kelele, “Bartho! Mmalize huyo mtu wako wa karatasi. Nikirudi namchapa yeye kwanza, halafu wewe!”

Nikaanza kazi. Nilikata kadi kutoka mifuko mitupu ya saruji, nikaandika kwa penseli ya kuchorea mbao, kila kadi amri moja. Kila Jumapili baada ya Misa, Zita, mke wa Renatus, alikuja kukaa upande wa pili wa ubao. Alijua mwendo wa kila kete, basi. Alisoma kadi, akasogeza kama ilivyosema.

Mchezaji wangu alikuwa mlafi. Nilimwachia askari pembeni, malkia wake akaja mbio kumla, nami nikamla malkia. Jumapili iliyofuata vilevile. Nikaongeza kadi, nikapunguza kadi, nikaombea kadi kwenye rozari. Aliendelea kufuata askari wangu kama kuku anavyofuata punje za mahindi mpaka jikoni.

Habari za Renatus nazo zilikuwa zimekatika tangu Noeli. Kwaresima ilipoingia nilikuwa nimechoka kabisa. Nilitaka kuacha, ila niliona haya kulisema hivyo, nikatafuta neno la kanisani.

“Shemeji,” nikamwambia Zita, “nafikiri mchezo huu niutoe sadaka. Kwaresima mtu huacha kitu.”

“Huacha anachokipenda,” alisema Zita, “siyo kinachomchosha. Mungu umpe makapi?”

“Huoni hafundishiki? Anakula tu.”

“Shemeji Bartho.” Alizikusanya kete polepole, moja moja. “Wanawake wa kisimani wananiambia nianze kuzoea. Wakisema hivyo nawajibu: yuko mtu mmoja bado anamtengenezea Renatus mchezo. Ukiacha, nitawajibu nini? Nitajua na wewe umeshamzika.”

Nilitambua kwamba ndivyo nilivyokuwa nikifanya: nilikuwa nikimchimbia rafiki yangu kaburi kidogo kidogo, kwa uvivu.

Wiki ile, baada ya darasa, nilinakili kadi zote upya. Niliandika huku nasinzia. Maneno yalitoka kwenye penseli kama watu watokao kwenye ukungu, nikayaacha yapite.

Jumapili nilimtegea askari wangu palepale pembeni. Zita alisoma kadi, akaichungulia tena. Kisha akaokota punje ya harage kwenye ungo, akaificha, akanyoosha ngumi mbili.

“Chagua.”

“Nichague nini?”

“Chagua, bwana!”

Nikagusa ngumi ya kushoto. Ilikuwa tupu. Zita akamwacha askari wangu alivyo, akasoma kadi inayofuata na kumpeleka farasi katikati ya ubao.

“Mbona hukumla?”

“Kadi haikusema nimle. Soma mwenyewe. ‘Akikuachia kete, kura.’ Nimepiga kura, harage halikutoka.”

Nilichukua ile kadi. Kweli, ni mwandiko wangu. Ulimi wetu wa hapa hauchagui sana kati ya l na r, na penseli yangu iliufuata ulimi.

“Nilitaka kusema kula,” nikasema. “Kula! Kumeza!”

Zita akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu lile lori liondoke. “Mwalimu Melania wa darasa la jioni angekuvuta sikio. Si wewe uliyeandika ubaoni ‘wananchi twendeni tukapige kula’? Darasa zima likauliza ni wali au ugali!”

“Lete nifute.”

“Subiri kwanza. Tazama ubao.”

Nikatazama. Farasi yule amekaa mahali ambapo sikumwandikia kamwe, akimtishia mfalme wangu na ngome yangu kwa pamoja. Mtego wangu ulibaki pembeni, mtupu na wa kipumbavu. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikicheza na mikono yangu mwenyewe. Sasa, kwa mara ya kwanza, ng’ambo ya ubao palikuwa na mtu.

Akili yangu ikaanza kukimbia. Lini ale, lini apige kura? Akiona malkia asisite; akiona askari, aulize harage. Kadi moja ingezaa tatu, na tatu zingezaa nyingine. Karakanani mifuko bado ipo.

Kengele ya adhuhuri ikalia misheni. Tukasimama kusali Malaika wa Bwana, mfalme wangu wa mti akiwa amefungwa ndani ya kiganja changu. Nilimwombea Renatus kwa jina, kama mtu anavyomwombea aliye njiani.

“Amina,” alisema Zita, akaketi, akazichanganya kadi. “Haya, shemeji. Umeshikwa. Unakwenda wapi?”

Sikujua.