Kitufe cha Kushoto

Kiwandani walimwita Kengele, kwa sababu sauti yake ilipenya mngurumo wa presi zote. Alikuwa msimamizi wa ukumbi unaokandamiza vifuniko vya sufuria, na kati ya wanawake waliokuwa chini yake alikuwamo mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, Kengele ndiye aliyemlea. Alipokua akamwombea kazi palepale alipofanya yeye, akaona amemtendea wema.

Presi zile zilikuwa za zamani. Kila moja ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, na chuma cha kukandamizia hakishuki mpaka vyote vibonyezwe kwa pamoja. Ndiyo kinga yenyewe: mikono yote miwili inakuwa nje. Lakini kinga hiyo ilikula muda, na meneja alikuwa amepandisha lengo la siku. Anayelifikia anapata nyongeza; anayelikosa kila mara anamwaga unga, kazi hana. Basi wanawake wakajitafutia njia. Walikata vipande vya mpira wa baiskeli, wakafunga kitufe cha kushoto kikabaki kimebonyea. Mkono wa kulia ukawa unabonyeza, wa kushoto unaingiza bati. Kazi ikaenda mbio.

Kengele aliona siku ileile. Akafoka, akaifungua ile mipira kwa mikono yake. Jioni meneja akamwita.

"Mama, mimi sijaona mpira wowote," alisema kwa upole. "Nimeona vifuniko vingi tu. Wewe umeona nini?"

Kengele aliangalia sakafu. "Sijaona kitu, bosi."

Tangu hapo alikuwa akipita kati ya mashine macho yake yakiwa kwenye vifuniko, si kwenye mikono.

Asubuhi ya ajali, mdogo wake hakupiga kelele. Aliyepiga ni jirani yake. Kengele alipofika alimkuta binti amesimama wima, ameinamia presi kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu nyuma ya kabati na anajaribu kukifikia. Fundi alikimbilia gurudumu la kuinulia chuma, akawa analizungusha. Kengele akamkumbatia mdogo wake kiunoni asianguke.

"Dada," alinong'ona yule binti, "usiniambie niangalie."

"Usiangalie. Niangalie mimi."

Hospitali waliokoa gumba. Vidole vinne vilikwenda. Dawa za usingizi zilipomwisha, binti aliuinua ule mkono uliofungwa bandeji, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Haya, tutaona."

Akacheka. Kengele naye akacheka, kisha akatoka nje ya wodi akalia mpaka muuguzi akamletea kiti.

Meneja alikuja kesho yake na mfuko wa machungwa. Alimpa pole mgonjwa, halafu akamvuta Kengele pembeni, nje ya wodi.

"Mkaguzi wa usalama kazini anakuja," alisema. "Mpira fundi ameshautoa. Wewe mwambie presi ilijishusha yenyewe. Mashine mbovu, basi. Bima italipa, mdogo wako atapata fidia yake, hakuna atakayefukuzwa. Lakini wakijua alifunga kitufe mwenyewe, watasema uzembe. Hapati hata senti. Mimi nakuonea huruma, mama."

Ajabu ni kwamba alikuwa akisema kweli. Uso wake ulionyesha huruma. Kengele alimrudia mdogo wake akamweleza yote.

"Sasa unafikiri nini?" binti alimuuliza. "Sema mashine. Mkono umeshakwenda, Dada, ukweli hautaurudisha."

"Nitasema mashine," Kengele alimwahidi.

Na alikuwa amedhamiria. Siku ya mkaguzi aliingia ukumbini mapema, maneno ameyapanga kichwani. Presi ya mdogo wake ilikuwa imesafishwa na kupakwa mafuta. Mbele yake alikuwa mama mmoja wa makamo, aliyetolewa kwenye kufunga maboksi, mwenye watoto nyumbani na mume asiyejiweza. Kengele akasogea amsalimie. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimefungwa mpira mpya.

"Nani kakufungia?"

"Nimefunga mwenyewe," yule mama alijibu bila kuacha kazi. Mkono wake uliingia chini ya chuma, ukatoka, ukaingia tena. "Lengo si lilelile, Kengele? Nifanyeje?"

Mkaguzi alipofika, meneja alimtangulia akieleza jinsi mashine ilivyoharibika ghafla. Kisha akamgeukia Kengele. "Msimamizi alikuwapo. Atakueleza."

Kengele alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka ndogo.

"Mashine haikuharibika. Mdogo wangu alifunga kitufe. Wote wanafunga. Wasipofunga hawafikii lengo. Mimi niliona nikanyamaza, na meneja aliona akaninyamazisha. Angalieni mashine ile pale, mtaona mpira."

Kiwanda kilifungwa kwa muda. Kilipofunguliwa, presi zote ziliwekewa kizuizi cha chuma kisichofungika kwa mpira, na meneja mpya akaletwa. Huyu aliagiza meza ndefu kando ya kila mashine, mabati yakawa yanakaa usawa wa kiuno badala ya kuinamiwa sakafuni. Ilikuwa kazi ya alasiri moja kwa seremala. Vifuniko vikatoka karibu sawa na zamani, na hakuna mkono ulioingia chini ya chuma. Wanawake walizoea upesi. Lakini hawakumsamehe Kengele kwa majuma waliyokaa nyumbani bila mshahara. Akipita, mazungumzo yanakatika. Usimamizi alikuwa ameshavuliwa, akawekwa kwenye maboksi.

Bima iliandika uzembe wa mfanyakazi. Mdogo wake hakupata kitu.

Siku alipohama kwa dada yake kwenda kwa kaka yao, binti alikunja nguo zake juu ya kitanda kwa mkono mmoja, akizibana kwa kidevu. Kengele alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," alisema binti. "Nikiwa kwa Kaka nitakunja peke yangu, bora nianze kuzoea."

"Yule mama ana watoto, mdogo wangu. Ningemwangaliaje?"

"Najua. Umefanya vizuri." Alivuta zipu ya begi, ikakwama, akaivuta tena kwa meno. "Kila mtu anaweza kuniambia umefanya vizuri. Mimi mwenyewe nakwambia. Lakini uliniahidi, Dada, halafu ukawalipia wenzangu kwa mkono wangu. Hukuniuliza."

 Kengele alilibeba begi mpaka barabarani, na binti akamwacha alibebe. Gari lilipokuja, binti alipokea begi kwa mkono mzima, akapanda, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili, mbali na aliposimama Kengele.