Kiti Kila Kona

Ofisi ya Bi Viti ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la dawa, na mtu aliyeingia mara ya kwanza alidhani amekosea mlango akaangukia kwa seremala. Viti kila upande. Kulikuwa na sofa iliyobonyea katikati, kiti kirefu cha mbao, kiti cha plastiki kisicho na mikono, na viti viwili vya ndege vilivyochakaa, vile vya kubana mapaja, alivyovinunua mnadani watu wakamcheka. Mteja akija, Bi Viti hamwonyeshi pa kukaa. Anamwacha achague mwenyewe, kisha anajitia kushughulika na simu, kumbe anamsubiri ainuke. Hapo ndipo anapomjua mtu. Kuna anayejisukuma kwa mikono, kuna anayejitupa mbele kama anataka kupiga mbizi, na kuna yule anayesema nimekaa tu mwanangu, sina haraka. Huyo wa mwisho ndiye wa kuangaliwa sana.

Kazi yake ilikuwa kuwapangia wazee safari za nje. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani, alilijua hilo, na hakuona sababu ya kujifanya halijui. Wengine wanakuuzia tiketi, kisha wewe na Mungu wako. Yeye umbali haukumbabaisha hata kidogo, kwa sababu hakuhesabu kilomita. Alichohesabu ni mahali pa kukaa: kutoka kiti cha nyumbani hadi kiti cha teksi, hadi kiti cha magurudumu kule uwanja wa ndege, hadi kiti cha karibu na choo ndani ya ndege, mpaka mwisho wa safari. Kubadilisha ndege kwa mbio hakukubali asilani. Bora mzee angoje nusu siku akiwa amenyoosha miguu kuliko akimbizwe kama mwizi. Na akipiga simu hotelini haulizi kama bafu linafaa, maana hakuna hoteli duniani iliyowahi kusema bafu lake halifai. Anamwambia kijana wa mapokezi aingie humo bafuni na simu yake, akae kwenye choo, kisha ainuke na kumwambia ameshika nini. Vijana wa mapokezi wa nchi nyingi walimjua kwa sauti, na wengine wakiisikia tu wanacheka kabla hajaomba.

Siku fundi alipokuja alichagua sofa. Alikuwa fundi wa lifti aliyestaafu, mzee mrefu, mtanashati, kola imepigwa pasi ikasimama, na alifuatana na binti yake aliyekuwa amenuna tangu mlangoni. Binti hakutaka safari. Alisema siku hizi kuna simu za picha, mnaonana mpaka meno, ya nini kumtoa mzee wa watu mwenye magoti mabovu kumpeleka nchi ya mbali. Fundi alimwacha amalize, maana alikuwa mtu wa adabu hata kwa watoto wake. Kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka. Alikuwa na dada mkubwa, ndiye aliyembeba yeye mgongoni wakati mama yao yuko kazini, akamlisha, akamchapa, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Dada aliolewa huko nje, akazeeka huko, akamzika mumewe huko huko. Wao wawili hawakuwa wameonana tangu fundi ana nywele nyeusi.

"Nataka kumwona kabla mmoja wetu hajaitwa," alisema. "Sitaki kumuaga dada yangu kwenye simu."

Bi Viti alikuwa ameshakubali kabla sentensi haijaisha. Binti naye akalegea, ila kwa sharti. Mwaka uliopita baba yake alianguka kwenye ngazi za nyumba ya jamaa, na binti ndiye aliyemkuta chini. Daktari alisema moyo wa mzee hauna neno, magoti ndiyo yamechoka, na ngazi akizipanda basi iwe polepole na kwa kupumzika. Binti katika maneno yote hayo alisikia neno ngazi tu. Akamtaka Bi Viti aape kwamba baba yake hatapanda ngazi hata moja. Bi Viti, kwa kujiamini kwake kule, akampa neno lake palepale.

Fundi akampigia dada simu mbele yao ili waulize kuhusu nyumba. Sauti iliyotoka humo ilijaza chumba. Dada alisema anakaa ghorofa ya nne, lifti ipo, na mdogo wake asimletee habari za uzee. Kisha akamuuliza yeye miguu inaendeleaje. Fundi, aliyezama kwenye sofa kiasi kwamba hata kutoka humo kungekuwa kazi ya watu wawili, akajibu kwamba miguu mizima, chuma kitupu. Bi Viti alivunjika mbavu kwa uongo ule. Alichosahau, mjuzi wa watu kama yeye, ni kwamba hawa wawili walilelewa nyumba moja.

Safari ilikwenda kama alivyoipanga. Binti alisisitiza Bi Viti amsindikize baba yake mwenyewe, wakaondoka pamoja. Kiti cha magurudumu kilikuwa kinangoja, dawa zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, soksi za kubana zilivaliwa kwa manung'uniko. Katikati ya safari fundi alilala sebule ya uwanja wa ndege, miguu juu ya begi, akaamka akisema hajapumzika hivyo tangu astaafu. Hotelini bafu lilikuwa na bomba la kushikia mahali hasa kijana wa mapokezi alipoapa kwamba lipo. Bi Viti akajipongeza kimoyomoyo, tena zaidi ya mara moja.

Asubuhi iliyofuata teksi iliwashusha mbele ya jengo la dada. Fundi alikuwa amevaa koti lake zuri na mkononi ana khanga mbili alizozikunja mwenyewe. Waliingia. Lifti ilikuwepo, kweli. Kwenye mlango wake kulikuwa na karatasi iliyogeuka rangi kwa jua, na mtu alikuwa ameegemeza baiskeli pale, baiskeli yenyewe ina utando wa buibui.

Fundi hakuisoma karatasi. Aliweka kiganja kwenye mlango, akausogelea, akanusa penye ufa.

"Hii haikufa leo," alisema. "Hii ilishazikwa."

Bi Viti alishikwa na aibu, aibu ya haki. Vijana wa hoteli nusu ya dunia amewakalisha chooni kwa ajili ya wateja wake, lakini mlango wa dada, ambao ndio safari yenyewe, hakuuliza mtu. Aliona si heshima kumwomba dada wa mtu ushahidi. Na kitu kingine kikamjia, kikamkata maini: kama lifti imekufa siku zote hizi, basi huyo bibi wa juu mwenye sauti ya kujaza chumba ameshuka lini mara ya mwisho?

Fundi alikuwa ameshaelewa kabla yake. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza na khanga zake mapajani. Hakulalamika. Alisema tu kwamba dada alijua mdogo wake akiambiwa ukweli hatakuja, na kwamba yeye angefanya vilevile.

Bi Viti angeweza kunyamaza. Binti alikuwa mbali, na nani angemwambia? Lakini neno alilotoa lilikuwa la kwake, na hakuwa mtu wa kuvunja neno kwa mlango wa nyuma. Alitoka nje akapiga simu. Akasema lifti ni mbovu, kosa ni langu, sikuuliza.

"Baba yuko wapi sasa hivi?" binti aliuliza.

"Amekaa kwenye ngazi ya kwanza. Anaitazama ya pili."

"Ukimwambia arudi hotelini, atarudi?"

"Atarudi. Lakini hatakusamehe, na mimi hatanisamehe, na hatatuambia."

Binti akavuta pumzi ndefu. Bi Viti akamweleza anavyotaka kufanya, hatua kwa hatua, kwa sauti yake ileile ya kazini, na kadiri alivyoeleza ndivyo ujasiri wake ulivyomrudia. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi, ila asimwachie mkono.

Hapo ndipo Bi Viti alipokunja mikono ya blauzi. Alimwacha fundi pale chini na kumkataza kusogea, akaanza kugonga milango ya jengo lile mmoja baada ya mwingine. Lugha ya nchi ile aliijua ya kuombea maji tu. Alionyesha goti lake, akalishika, akakunja uso kama anayeumwa, akaonyesha juu, kisha akafanya kama anakaa hewani. Mama wa ghorofa ya kwanza alimtazama kwa mashaka, akachungulia chini, akamwona mzee wa koti na khanga zake. Akaingia ndani akatoka na kiti cha jikoni. Tena akapanda naye kugonga ghorofa ya pili, akiwaelezea wenzake kwa lugha yao, maneno mengi kuliko aliyosema Bi Viti, na kwa hakika ameyaongezea chumvi. Baada ya muda kila kona ya ngazi ilikuwa na kiti, na hakuna vilivyofanana: cha majani, cha chuma cha bustanini, kingine cha ofisini cha kuzunguka ambacho Bi Viti alikikataa, akarudishiwa cha miguu minne. Kila kimoja alikikalia mwenyewe kwanza.

Kisha wakaanza. Mguu mzuri kwanza, halafu ule mwingine, reli mkono huu, Bi Viti mkono ule. Wanafika kona, fundi anakaa, na Bi Viti haruhusu ainuke mpaka pumzi imetulia kabisa na mzee ameanza maneno. Alikuwa na maneno mengi. Alisema maisha yake yote amepandisha watu juu kwa kubonyeza kitufe, na nyumba ya kuishi akachagua ya chini, mlango sawa na barabara, watu wakamwona mshamba. Sasa leo ngazi zinamlipizia kisasi. Bi Viti alimwambia apunguze hotuba, wakafika ghorofa ya pili, mzee akaketi.

Ndipo waliposikia fimbo. Ilikuwa inagonga juu yao, inanyamaza, inagonga tena. Bi Viti aliinua macho akaona kwanza ndara, kisha pindo la gauni, kisha mkono uliokunjamana umeishika reli barabara. Nyuma alikuwa mama wa ghorofa ya kwanza, aliyepanda hadi juu kumwita, amemshika bibi kiunoni. Wamekuwa wakishuka kona kwa kona, na bibi amekaa kwenye kila kiti alichokiweka Bi Viti kwa ajili ya mtu mwingine.

Alisimama kwenye ngazi ya mwisho akamtazama mdogo wake. Fundi akataka kuinuka, magoti yakagoma.

"Ulisema lifti ipo," fundi alisema.

"Si umeiona? Nawe ulisema miguu mizima."

"Mizima. Haitaki kukunja tu."

Dada alicheka, na katikati ya kucheka huko machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Kiti kilikuwa kimoja. Fundi akasema akae dada, dada akasema yeye ndiye mkubwa na anamwamuru akae yeye, wakabishana hapohapo kama watoto wanaonyang'anyana kitanda, mpaka mama wa ghorofa ya kwanza akakimbilia kiti cha pili. Walikaa goti kwa goti. Dada akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, akamwambia amezeeka vibaya. Bi Viti alisogea dirishani akatazama barabara, maana na yeye ana moyo.

Nyumbani kwa dada hawakufika siku hiyo, wala siku yoyote ya juma lile. Walikutana pale ngazini. Majirani wakazoea kuwapita, wengine wakaleta chai. Ila kila siku dada alishuka kona moja zaidi. Alidai anayaonea huruma magoti ya mdogo wake, asipande sana. Bi Viti aliona kilichokuwa kinatokea, akawa anasogeza kiti cha pili kwenye kona ya chini kabla hawajafika.

Siku ya kuondoka dada alipita mlango wa jengo kwa miguu yake mwenyewe. Kiti kilikuwa kinamngoja ukutani nje, penye jua. Alikaa, khanga mpya mabegani, akafumba macho muda mrefu. Watu walipita, magari yalipita, na yeye akawa anayasikiliza yote hayo kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Teksi ilikuwa imeshafika, fundi amesimama kando yake, hajui aanzeje kuaga.

Dada alifumbua macho. Hakumtazama mdogo wake, alimtazama Bi Viti.

"Huko kwake, mlango ni sawa na barabara kweli? Maana huyu ni mwongo."

"Ni kweli, mama. Nimeuona kwa macho yangu."

"Basi na mimi nipangie."

Fundi alinyoosha mkono haraka ili amwinue dada yake wakumbatiane. Bi Viti akamzuia. Alirudi hatua mbili nyuma, akakunja mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu waingie nchi ile akajiona yuko ofisini kwake.

"Kwanza inuka, mama," alisema. "Nikuone."

Bibi akaiweka fimbo kando. Akapeleka mikono yote miwili kwenye kingo za kiti, akasukuma, akainuka.