Viraka vya Ghorofa ya Sita

Fundi alikuwa juu ya ngazi, kichwa karibu kigonge dari, akikandamiza ubao kwenye saruji mbichi. Alihesabu moyoni mpaka arobaini, akaubandua taratibu. Palibaki chapa ya mbao: mistari, vifundo, hata ufa mwembamba wa ubao wenyewe. Akachovya tambara kwenye maji ya majivu, akapitisha mara mbili ili rangi ya saruji mpya ishikane na ya zamani. Kiraka kikapotea machoni.

"Shuka basi!" Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa mlangoni, suruali imekunjwa hadi magotini, ufagio mkononi. "Saa nne watu wa manispaa wako hapa, na wewe umening'inia huko kama popo."

"Popo hana mwiko wa saruji."

"Na mdomo unao. Shuka, unachafua nilipofagia."

Kwenye stuli chini ya dirisha, mama yake fundi aliinua macho akaitazama dari ya chumba chake kutoka kona hadi kona. "Imenawiri kama bibi harusi," akasema. "Utadhani haijaugua hata mafua."

Fundi akacheka. Alipenda kusifiwa na mama yake, na hakuwa mama wa kusifu ovyo.

Jengo lilikuwa la ghorofa nane, zege tupu, halijawahi kuona plasta wala rangi. Watu wa mjini waliliita Ghala. Tangu mwaka jana magazeti yalikuwa yakigombana juu yake. Hawa wanasema ni aibu ya mji, livunjwe. Wale wanasema halina mwenzake, litunzwe. Waliokaa ndani hawakuulizwa na mtu. Wao shida yao ilikuwa moja: nondo za dari zilikuwa zimeshika kutu, na zege lilikuwa linameguka. Mwezi uliopita pande la ukubwa wa mkate lilidondoka katika chumba hiki hiki, likapasua beseni ambalo mama yake fundi alikuwa ametoka kuoshea miguu. Miguu ilinusurika kwa dakika moja. Barua saba zilikuwa zimeandikwa kuomba matengenezo, na leo ndipo manispaa inatuma watu wa kukagua.

Kwa kuwa ni wageni, wapangaji walifanya wanachofanya watu wote wageni wakija. Walisugua ngazi, wakaanua nguo kwenye kamba za korido, wakachanga mfuko wa saruji. "Ziba ziba hiyo mianya, tusiaibike," mwenyekiti alimwambia fundi. Akaziba siku tatu, chumba kwa chumba hadi koridoni, viraka kumi na kimoja. Hakuziba kienyeji. Baba yake alikuwa seremala wa zile mbao zilizomwagiwa zege la jengo hili, na ubao aliotumia ulikuwa mmoja wa zile zile. Kwa watu wa kazi yao, kiraka kinachoonekana ni tusi.

Wageni walifika ghorofa ya sita saa tano na nusu wakihema, maana lifti ilikufa zamani. Walikuwa wawili. Mmoja mhandisi wa manispaa, kijana wa shati lililopigwa pasi, fomu kwenye ubao wa kuandikia. Wa pili mama mmoja msanifu wa majengo, mstaafu wa chuo, nywele nyeupe, viatu vya kutembelea. Yeye hata pumzi hakusubiri irudi. Alishika ukuta wa korido kama anayepapasa shavu la mtoto.

"Unaona?" akamwambia mhandisi. "Alama ya kila ubao ipo. Hapa hakuna plasta, hakuna urembo, hakuna uongo. Zege lenyewe linakusimulia lilivyojengwa."

Kiganja chake kilikuwa juu ya kiraka cha juzi. Fundi akatabasamu kabla hajajizuia.

"Samahani, mama," mwenyekiti akaingilia, "wewe nyumbani kwako kuna plasta?"

Msanifu akasita. "Ipo."

"Na rangi?"

"Ipo pia."

"Nilitaka kujua tu."

Mama yake fundi akaita kutoka chumbani. "Mwache mgeni! Jengo baya, nakubali, halina sura. Lakini upepo unapita, na nikikohoa tu majirani watano wanatoa vichwa koridoni. Huko kwenye majumba ya vioo ukikohoa anatoka nani?"

Msanifu akaingia akampa mkono, macho yakimng'aa. Mhandisi naye, akiisha kuchungulia vyumba vingine, akaingia, akatazama dari, akatazama saa, akatia alama kwenye fomu. Haikuchukua hata muda wa kunywa maji.

"Umeandika nini, mwanangu?" fundi akauliza.

"Imara."

"Ndiyo kusema nini?"

"Linaingia kwenye orodha ya majengo ya kutunzwa. Likishaingia, ni marufuku kugusa zege. Kutoboa, kuziba, vyote kosa."

"Na kutengeneza?"

"Kutengeneza nini, mzee? Mimi nimepita vyumba vyote, sijaona ufa."

Fundi akasogea karibu na kitanda. Alitazama juu. Pale juu ya kitanda palikuwa na ufa wa kuingia vidole viwili, alikuwa ameuona jana kwa macho yake. Akanyoosha kidole. "Ni hapo."

"Hapo wapi?"

Kidole kikahama kidogo kushoto, kikarudi kulia. Yeye mwenyewe alikuwa haoni ukingo.

Mwenyekiti akamvuta shati. "Nyamaza," akanong'ona. "Kisanduku cha pili kinasema hatarishi. Akitia hapo tunapewa siku thelathini tuondoke, wanavunja. Utampeleka wapi mama?"

"Na nikinyamaza atalala chini ya nini?"

Mwenyekiti akaachia shati. Fundi akachukua patasi na nyundo. Kisha akasogeza ngazi.

"Mama, hamia kule mlangoni."

Mama akabeba stuli yake akasogea.

Patasi ilihitaji mapigo matatu. Saruji ya asubuhi ilianguka kama tope, ikafuata ya zamani, vipande kwa vumbi, mpaka kitanda kikawa cha kijivu. Juu zikatokeza nondo, nyekundu, zimevimba kama vidole vya mgonjwa, na mahali pengine zimeliwa mpaka zimebaki unene wa penseli.

"Unaliharibu!" msanifu alipiga kelele.

"Nililiharibu asubuhi, mama. Sasa nalifunua."

Msanifu akasogea chini ya tundu. Akaokota kipande cha kiraka, akakigeuza upande wenye chapa ya ubao. Alipozungumza sauti ilikuwa imepungua. "Hivi vifundo umevifanyaje?"

"Kwa ubao. Nikipata siku nitakuonyesha."

Mhandisi alikuwa anajipangusa vumbi begani. Akakata alama ya kwanza. "Basi ni hatarishi."

Mwenyekiti akashika kichwa.

"Ngoja." Fundi alikuwa ameshuka. "Linatengenezeka. Nondo zinakwanguliwa kutu, zinapakwa dawa, zilizoliwa zinaungwa nyingine, zege linarudishwa. Mafundi kumi, miezi minne. Andika hivyo."

"Sina pa kuandika. Visanduku viwili tu, mzee. Si mimi niliyeitunga fomu."

Fundi akaichukua ile fomu, si kwa nguvu, ila kijana hakutegemea. Akatoa kalamu ya risasi sikioni, akachora kisanduku cha tatu chini ya viwili, pembe zote sawasawa, akaandika kando yake kwa herufi kubwa: LITENGENEZWE.

"Wewe! Hiyo ni fomu ya serikali!"

"Hapa chini panadai saini ya mpangaji. Mama, unasaini kipi?"

"Hicho cha mwisho," mama alisema, akapangusa mkono kwenye kanga na kusaini polepole, herufi moja moja.

Mhandisi aliitazama karatasi yake kama mtu aliyemwagiwa chai. "Hii imeharibika. Itabidi ichapwe nyingine, tuje upya."

"Lini?"

"Mtajulishwa."

Msanifu alibaki nyuma kidogo. Halafu akakitia kile kipande cha kiraka mkobani, akamfuata mwenzake. Viatu vyao vikasikika ghorofa baada ya ghorofa, mpaka chini.

"Umetumaliza," mwenyekiti akasema. "Wakirudi na fomu mpya, itakuwa na visanduku vile vile viwili?"

"Huenda. Lakini hawatasema hawakuona ufa."

Fundi alikung'uta godoro la mama yake, akalihamishia koridoni, akalitandika vizuri. Halafu akabeba ngazi hadi mlango wa jirani, akabisha.

"Toeni vitu chini ya dari. Navunja."

"Unavunja nini? Si umeziba juzi!" jirani akang'aka.

"Hicho hicho kiraka."

Ngazi ilikuwa inayumba. Alikuwa amekwisha panda hatua mbili alipohisi imetulia. Akaangalia chini. Mwenyekiti alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, amefumba macho, uso ameugeuzia ukutani.

"Piga," akasema. "Siku tatu za kazi! Piga, lakini usiniangushie kichwani."