Mbuzi Aliyerudi Magharibi

Mwaka ule wa tisini na saba mvua haikujua kukoma. Mto Tana ulifurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na sisi wa Garissa tukabaki na mbu na matope. Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba. Baada ya mbuzi, watu wakashikwa na homa. Redio ilisema tusichinje, tusinywe maziwa mabichi. Msikitini wengine walisema ni mbu, wengine walisema ni mtihani tu wa Mungu. Mimi nilisikiliza wote na wote niliwaamini, ndiyo maana sikujua la kufanya.

Baba yangu, Dekow, alirudi kutoka malishoni na homa, macho mekundu, hata mwanga unamuumiza. Mama yake, bibi yangu Saynab, ambaye sisi tunamwita ayeeyo, hakutoka kando yake. Asubuhi moja baba alishindwa hata kumeza maji. Ayeeyo akatoka nje kwenye mvua, akamshika sikio mbuzi mweupe, wa pekee aliyebaki, akamwomba Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni.

Baba akapona. Alikuwa amekunywa dawa za hospitali, amesomewa Kurani, na mbuzi amewekwa nadhiri. Kipi kilimponya, sijui mpaka leo. Siku aliyokaa kitako aliomba chai, halafu akalalamika kwamba haina sukari. Sukari mjini ilikuwa hakuna. Tulifurahi sana kusikia akilalamika.

Ramadhani ikaingia, ayeeyo akasema nadhiri yake ilipwe: mbuzi achinjwe, majirani wafuturu nyama. Kwetu mwanamke hachinji, kwa hiyo kisu kingeshikwa na baba. Na jirani yetu Bare tulikuwa tumemzika juzi tu. Kondoo wake alikuwa anakufa, akamuwahi na kisu ili nyama isiwe haramu. Homa ikamshika. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kwa mjane wake, Sirad.

Nilimkuta baba ananoa kisu kwenye jiwe. Ananoa kidogo, anapumzika. Nikamwambia kwamba mbuzi huenda ana ugonjwa. Akasema anajua.

"Mama yangu ameahidi, Khadra. Nikamwambie nini?"

Basi nikaenda kwa ayeeyo. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe ya msaada. Nikakaa, nikachagua pamoja naye, nikangoja. Mwisho aliuliza mwenyewe mbona nimenyamaza hivyo.

"Ayeeyo, ile asubuhi kwenye mvua, uliahidi kumchinja?"

Alifikiri. "Sijui. Nilikuwa naogopa. Wewe ulikuwepo, nilisemaje?"

"Ulisema, Mungu, niachie huyu wangu, uchukue huyu wako. Kisu hukukitaja."

"Na kama moyoni nilikusudia kisu?"

"Hilo analijua Mungu."

"Mimi mwenyewe silijui," akasema, na akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Akaendelea kuchagua mawe, mengine akayarudisha kwenye maharagwe bila kuona. Kisha akaniambia nilete kamba.

Mbuzi alipelekwa akiwa hai kwa Sirad, sadaka. Nilimfunga kwenye mti wake, nikamkumbusha maziwa achemshe. Sirad alilia, nami sikujua kama ni furaha au ni Bare.

Magharibi, tumeshika tende mkononi tukingoja adhana, mbuzi huyo anaingia uani kwetu, kipande cha kamba shingoni. Ayeeyo akaacha tende. "Amekataliwa," akasema.

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Mama, mbuzi hajui nadhiri. Anajua kwao."

Sirad alikuja kumchukua, akasimama mbali nje ya ua. Ayeeyo akamwambia adhana imeshalia, aingie au anataka abebwe? Akaingia, akala sambusa za maharagwe, akasema Mungu awasamehe waliozitengeneza. Niliyezitengeneza ni mimi. Ikawa hivyo karibu kila jioni: mbuzi mbele, Sirad nyuma yake, nami naweka kikombe cha ziada kabla hawajafika.

Halafu jioni moja mbuzi hakuja. Tulifuturu masikio yako nje. Sikujua niombe awe amezoea makao yake mapya au niogope kwamba amekufa. Baba akainuka, akachukua kamba, akasema anakwenda kutazama. Hakuwa ametoka nje ya ua tangu augue. Tukamtazama akienda polepole kwenye matope, anasimama, anaendelea.

Alirudi na Sirad nyuma yake. Mbuzi yuko mzima, wakasema, amelala huko na anatafuna.

"Sasa mimi nimefuata nini?" Sirad akauliza, huku anakaa.

Ayeeyo akasema alhamdulillahi. Kisha akaniinamia. "Khadra, sasa ndiyo amekubaliwa?"

Nikamwambia sijui, ayeeyo. Nikamimina chai, vikombe vyote.