Albadiri ya Uzi wa Sufu

Kofia ililetwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na Pélagie, mteja aliyeileta, hakukubali kiti. Alisimama mlangoni mwa zizi, kondoo wakimkodolea macho, akaitoa na kumtupia Safiya mkononi. Ilikuwa kofia ya mtoto mchanga, ya kufuma, yenye wekundu ule wa unga wa mti wa ngola ambao soko zima la Kisangani lilijua unatoka kwa Safiya. Ubavuni ilikuwa na tundu, na ukingo wa tundu ulikuwa mgumu na mweusi.

"Cheche ya babula ya makaa ilirukia mutoto yangu," Pélagie alisema. "Kofia haikuungua, Mama Safiya, iliyeyuka! Ilimushika mutoto ku kichwa kama mushumaa. Sasa uniambie, ni kondoo gani manyoya yake inayeyuka?"

Safiya alilipeleka tundu lile puani. Sufu ikishikwa na moto hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, kisha huwa majivu ya kusugua kwa vidole. Haiyeyuki. Kinachoyeyuka ni nailoni ya dukani. Mtu alikuwa ameichanganya nailoni ndani ya uzi wake, na mtoto wa watu sasa alikuwa na kidonda juu ya sikio.

"Nitamupata," alisema. "Mungu iko anasikia, nitamupata mwenye alifanya hii."

"Umupate mbio. Miye nishaambia bamama yote ya maternité, kule tunazalia."

Kweli alikuwa amewaambia, na wao wakawaambia wengine. Haikupita wiki, mzigo wa uzi ukaanza kurudi kutoka sokoni kama ulivyokwenda.

Uzi ule ulikuwa maisha ya Safiya. Marehemu mumewe, Mohamadi, ndiye aliyewaleta kondoo wale kwa lori kutoka milima ya Djugu, akawafuga kando ya barabara ya zamani ya Buta, kabla hujafika Masako. Watu walicheka mpaka wakachoka. Kondoo wa huku wana manyoya mafupi kama mbuzi. Hawa walishuka garini wamevaa makoti, katika joto la kumtoa mtu jasho akiwa amelala. Lakini Mohamadi aliwajengea vivuli, akawanyoa kabla jua halijawaua, na Safiya akajifunza kuchana sufu na kuisokota. Mama wa mji huu hamtoi mtoto mchanga nje bila kofia na soksi za sufu, jua liwake lisiwake, kwa hiyo uzi haukulala dukani. Mohamadi alipokufa alimwachia mkewe kondoo na jina, Uzi wa Mama Safiya. Sasa jina lenyewe lilikuwa linanuka plastiki.

Pale nyumbani uzi ulipita katika mikono ya watu watatu. Safiya alisokota. Nadège, mke wa mwanawe, alifua na kutia rangi. Yakubu, mwanawe wa pekee, alipeleka sokoni na kuuza. Safiya hakusumbuka kuwapima wote. Macho yake yalikwenda kwa Nadège, yakakaa huko.

Na yasikae kwa nini? Nadège alitoka Bukavu, Mkristo, na mtoto alipozaliwa alimwita Benie bila kumuuliza mtu. Aliongea kidogo, na mtu wa kuongea kidogo lazima kuna kitu anakifunika. Alifua sufu kijitoni akiwa peke yake. Alijipaka mafuta ya kunukia hata siku ya kusafisha zizi. Yote haya Safiya aliyapanga kichwani kama ushahidi. Ukishaamua kumshuku mtu, hata akipiga chafya utasema ni hatia.

Basi akaanza upelelezi. Kila Nadège alipoanika uzi kambani, Safiya alipita kama anakwenda kuona kuku, akakata kipande, akakichomea kwenye babula huku anajifanya kukoroga pondu, mboga ya majani ya muhogo. Kila mara moshi ulinuka nywele. Kila mara majivu yalisagika vidoleni. Mtu mwingine angejiuliza uzi unakwenda wapi ukishatoka kambani, na nani anaubeba. Safiya alijiuliza tu Nadège ameambiwa na nani kwamba anachunguzwa.

Jumapili Nadège alipokwenda misa, mama mkwe aliingia chumbani kwake, akainua godoro, akafunua sanduku. Alikuta nguo, Biblia, na sabuni ya maua. Sabuni ile ilimkera kuliko kama angekuta nailoni.

Siku moja Nadège alimjia pale motoni na kipande cha uzi mbichi, bado kinadondosha maji mekundu. Alikishika kwa vidole viwili.

"Mama, hii nayo unataka kuchoma? Nimekukatia."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekupa chumvi. Safiya aliona aibu ikimpanda shingoni, na kwa kuwa hakupenda aibu, aliigeuza hasira palepale.

Usiku huohuo, sahani ya lituma ya ndizi za kupondwa ikiwa katikati, alitangaza. "Nitaenda kwa tonton yenu Asumani. Atasoma Albadiri."

Yakubu alicheka. "Mama! Kwa uzi tu?"

"Kwa jina ya baba yako."

Nadège aliuliza Albadiri ni nini. Safiya alimweleza akimtazama usoni, akitafuta woga. Ni kisomo. Maalim anasoma majina ya watu watakatifu wa Badri, anamshtaki mkosaji kwa Mungu, na mkosaji popote alipo, hata akimbilie Basoko kwa mtumbwi, tumbo lake linavimba mpaka anakufa, asipokufa anarukwa na akili.

"Hata kama mutu iko mukristo?"

"Haiulizi dini."

"Bon," Nadège alisema. Akamega tonge, akamlisha Benie. Safiya hakuona woga wowote, akasema moyoni: huyu mwanamke ana roho ngumu kama jiwe.

Asumani, yule tonton, mdogo wa marehemu Mohamadi, alifundisha watoto Korani na hakupenda kisomo kile. "Shemeji," alimwambia, "hii haiko dawa ya kichwa. Kama mwenye kosa anajulikana mbele ya kuanza, tunaongea naye, nafunga kitabu, inaisha. Lakini nikisha kuanza, hairudi. Hata ukilia."

"Sitalia."

"Mupaka Alhamisi, basi. Ufikiri."

Safiya hakufikiri. Alhamisi asubuhi alipanda moto, yaani pikipiki, akaenda soko kuu kununua ubani wa kisomo. Alipita kwenye meza ya Yakubu amsalimie. Meza ilikuwa imefunikwa turubai. Muuza samaki wa jirani alimwonyesha kwa kidevu kile chumba cha nyuma cha Désiré, fundi wa cherehani.

Mlango ulikuwa wazi. Yakubu alikuwa amechuchumaa sakafuni, beseni la maji ya ngola mbele yake, na pembeni madonge ya nailoni nyeupe, yale ya dukani. Alikuwa anauzungusha uzi mmoja wa nailoni pamoja na uzi mmoja wa sufu ya mama yake, upesi na vizuri, maana mama yake ndiye aliyemfundisha.

Safiya alishika cherehani.

"Mama? Unatafuta nini huku?"

"Ubani."

Yakubu alisimama, mikono myekundu. Alianza kuongea haraka. "Sufu haitoshi, mama. Batu banaomba, banaomba, na kondoo inakufa na joto. Nikasema naongeza kidogo, mupaka manyoya imee. Sikujua itayeyuka. Kweli ya Mungu, ile mutoto inaniuma."

"Leo unasema mbele ya tonton. Unasema, anafunga kitabu."

"Mbele ya Pélagie? Soko yote itajua! Nani atanunua tena kwangu?" Aliinamisha kichwa, kisha akakiinua, na sauti ikawa laini, sauti aliyoitumia tangu utoto alipotaka kitu. "Mama, si weye njo ulisema iko Nadège? Batu yote basha kuamini. Sema iko yeye. Kitabu kinafungwa. Hakuna mutu anavimba."

"Na yeye?"

"Ataenda kwao kidogo. Kisha nitamufuata."

Safiya alipaswa kumzaba kibao. Alijua hivyo palepale, na hata sasa anajua. Lakini aliliangalia tumbo la mwanawe chini ya shati, tumbo zima la kijana mwenye afya, akaliona tayari limevimba kwa kisomo. Alinunua ubani, akarudi nyumbani.

Alasiri mikeka ilitandikwa uani. Asumani alikaa na wasomaji wenzake, ubani ukifuka. Pélagie alikuja na mtoto wake mwenye kidonda, akakaa karibu na ukuta. Yakubu alikuwa ameoga, amevaa kanzu. Nadège alikaa ukingoni mwa mkeka, Benie akiwa amelala mbele yake.

"Mwenye neno aseme sasa," Asumani alisema, kitabu kikiwa kimefungwa magotini. "Mwenye kosa anajulikana?"

Safiya alimtazama Yakubu. Yakubu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Sema, mama yake alimwomba moyoni, sema mwenyewe. Hakuinua kichwa.

"Anajulikana," Safiya alisema. Alijisikia kama anaongea kwa mdomo wa mtu mwingine. "Iko Nadège."

Pélagie aliguna: alijua tu. Wasomaji walitikisa vichwa. Nadège hakumtazama mama mkwe wake. Aligeuka kwa mumewe, akamngojea. Alimngojea sana, mpaka watu wakaanza kukohoa. Alikuwa anampa nafasi, kila mtu mwenye macho aliona, na Yakubu aliiacha ipite.

Ndipo Nadège alipomgeukia Asumani.

"Tonton, kama iko miye, usifunge kitabu. Soma."

"Mwanangu, ukikubali kosa hakuna haja ya..."

"Sikubali. Mama amesema iko miye. Alors, soma. Kama iko miye, tumbo yangu ivimbe hapa mbele ya mutoto yangu. Soma, tonton!"

Asumani akafungua kitabu, akakohoa, na wasomaji wakasogea wakae sawa. "Bismillahi," alianza.

Safiya hakukumbuka kuinuka. Alijikuta amepiga magoti katikati ya mikeka, kiganja chake kimelala wazi juu ya ukurasa.

"Usisome."

"Shemeji, unayemushitaki njo anaomba tusome. Weye unamuogopea nani?"

Jibu halikuhitajika tena. Pélagie alikuwa wa kwanza kuelewa. Macho yake yaliondoka kwa Nadège, yakavuka ua, yakatua kwa yule kijana wa kanzu nyeupe, na ya wengine yakafuata moja moja. Yakubu alijifuta uso kwa mkono.

Nadège alimwinua Benie kutoka mkekani, akampita mumewe bila kumgusa, akaingia ndani. Kila mtu alimsikia akishusha sanduku na kulifungua. Safiya alitaka kumwita. Alitaka kumkimbilia, amshike miguu, amwambie mbele ya watu wote yale aliyopaswa kumwambia tangu siku ya kofia. Lakini hakuthubutu kuuondoa mkono juu ya kitabu.